Mwanangu anataka kunipeleka kijiji cha milimani Hispania, mie mtu wa Soni naenda kuona nini huko?

Mama Shani, Makorora

Asalaam aleikum wanajamvi, habari za jioni. Naombeni ushauri kwa aliyewahi kufika ama anayejua vizuri. Kijana wangu wa pili yuko Granada, Hispania, anasoma, mwaka huu anamaliza, sasa kaniambia mama njoo mwezi wa tano mwishoni ukae wiki mbili afu turudi wote nyumbani. Nauli wamechanga yeye na dada yake, Mungu awazidishie. Ndani ya hizo wiki mbili kapanga siku nne tukalale kijiji kimoja milimani kinaitwa Capileira, kanitumia picha kwenye WhatsApp, nyumba nyeupe zimebebana kwenye mteremko na juu yake mlima una theluji.

Mie nimezaliwa Soni nikakulia Soni mpaka nilipoolewa hapa Tanga mjini. Milima naijua, ukungu naujua, baridi ya mwezi wa saba naijua, maji nimechota na ndoo kichwani kwenye mteremko ambao leo nikiuangalia tu magoti yanauma. Kwa hiyo nauliza kwa moyo mmoja, naenda kuona nini? Si bora hizo siku nne nikae naye mjini tu? Lakini sitaki kumvunja moyo mtoto, alivyokuwa akinielezea ile safari nilimsikia kabisa jinsi anavyoitamani. Afu kuna mambo yangu, magoti yananisumbua tangu mwaka juzi, nguruwe sili, pombe sigusi, na nasali vipindi vyote. Na viza nimeskia ni shughuli pevu.

Kassim Ngamiani

Shikamoo mama. Mie nianze na viza maana hapo ndo wengi wanakwama. Hispania wana ubalozi Dar, viza yenyewe ni Schengen, yaani moja inayotumika nchi nyingi za Ulaya, ada yuro 90 kwa mtu mzima, unaruhusiwa kuomba kuanzia miezi sita kabla ya safari na mwisho siku 15 kabla lakini hizo 15 usizingoje kabisa. Bima ya safari lazima iwe ya yuro 30,000 kwenda juu, taarifa ya benki, uthibitisho wa shughuli unayofanya, na kama utalala kwa mwanao badala ya hoteli mwambie leo hii aanze kufuatilia barua ya mwaliko, wenyewe wanaita carta de invitación, anaiomba polisi huko huko kwao si chuoni, na haitoki siku moja.

Ndege ya moja kwa moja toka Dar hakuna, utaunganisha Addis, Doha ama Istanbul mpaka Madrid, ila ukipitia Istanbul unaweza kushukia Málaga na Málaga ndo karibu na Granada, basi kama masaa mawili tu. Na kila karatasi soma tarehe mwenyewe mama. Shangazi yangu wakala mmoja alimkosea tarehe za bima kwa siku mbili tu, viza ikagoma na ada haikurudi, mpaka leo naumia nikikumbuka maana mie ndo nilimpeleka kwa huyo wakala.

Baharia wa Pangani

Mama Shani shikamoo. Mie umri nao umekwenda lakini wewe ni mama tu. Huko nimefika, na sikwenda kwa utalii. Meli yetu ilikaa bandari ya Motril ikingoja kipuri siku kumi na nane, na Motril iko chini ya ile milima, yaani asubuhi nipo naosha sitaha jua limeshaanza kuwaka, nikiinua macho naiona theluji ile pale juu. Siku ya nne sikuweza tena kuvumilia. Nikaomba ruhusa siku tatu, nikapata lifti mpaka mji unaitwa Órgiva, toka hapo basi linapanda kona kwa kona, Pampaneira, afu Bubión, afu Capileira. Ni vijiji vitatu kimoja juu ya mwenzie kwenye korongo moja la mto Poqueira. Mwanao atakutoa stendi ya Granada na basi linalofika mpaka Capileira, masaa mawili na nusu hivi, kaa viti vya mbele na tangawizi mdomoni.

Sasa wauliza waenda kuona nini. Mie nakujibu waenda kuona mapaa na maji.

Mapaa kwanza. Sehemu nyingi za Hispania nyumba zina vigae, lakini huko Alpujarra, ndo jina la eneo la vijiji hivyo, nyumba ni za sakafu, juu bapa kabisa, kama nyumba za kale pale kwetu Pangani mtoni. Kuta za mawe zimepakwa chokaa, juu wanalaza boriti za mti wa castaño, ule ambao njugu zake huchomwa barabarani Ulaya kama sisi tunavyochoma mahindi, juu ya boriti wanapanga matete, juu ya matete mawe mapana ya sleti, na mwisho kabisa udongo wa kijivu wanaouita launa. Ule udongo wanausambaza mkavu, mvua ikinyesha unashikana wenyewe na maji hayapiti. Baba yangu alikuwa fundi wa nyumba za mawe, mie utotoni nimebeba mchanga na nimebeba boriti za mikoko, basi nilivyoingia chumba nilichopanga pale Capileira nikasimama kichwa juu nahesabu boriti kwa kidole kama nilivyofundishwa, shubiri ngapi toka hii mpaka hii, nafasi ni ileile jamani, mpaka bibi mwenye nyumba akaja mlangoni akaniuliza kwa ishara nimepoteza nini. Sikuwa na maneno ya kumweleza. Nikamuonyesha dari afu nikaweka mkono kifuani, na yeye akaigonga ile boriti kwa kiganja akacheka, akanivuta mkono kunipeleka kuona za chumba chake.

Na vichochoro vyao vinapita chini ya nyumba, nyumba ya huku na ya kule zimeunganishwa juu na chumba, yaani wikio kabisa kama zile za miji ya mwambao, wao wanaita tinao. Unatembea kivulini, chini kuna mchirizi wa maji katikati ya mawe.

Sasa maji. Usiku wa kwanza nilishtuka usingizini nikadhani mvua kubwa inanyesha, nikafungua dirisha, nyota tupu. Ni mfereji ulikuwa unapita nyuma ya nyumba. Asubuhi nikaufuata. Mbele nikamkuta mzee na jembe lake amesimama kwenye mgawanyiko, mfereji mkuu unaenda kushoto, mdogo unaingia shambani kwa mtu, na pale kwenye mdomo pamezibwa na jiwe la sleti na bonge la udongo wenye majani. Mzee anaangalia saa ya mkononi. Ilipofika dakika yake akaling'oa lile bonge kwa jembe, akalihamishia upande wa pili, akaligandamiza na kisigino, maji yakasimama kidogo kama yanajiuliza, afu yote yakageukia shambani. Hakuna bomba, hakuna mota. Kila shamba lina zamu yake na saa zake, na mie nilikaa pale karibu saa nzima nikitazama yanavyotambaa kwenye matuta ya viazi.

Mifereji hiyo wanaita acequia, neno la Kiarabu, sakiya. Walioichimba ni Waislamu wa Andalus, ile Hispania ya zamani waliyoitawala wao, watu wa karne nyingi nyuma, na mpaka leo ndo inanywesha mashamba. Na hawakuishia kumwagilia tu. Kule juu kabisa theluji inapoyeyuka wakati wa masika yao, wanayachukua yale maji na kuyapeleka kwa makusudi mahali penye ardhi inayonyonya, wanayaacha yazame. Yanasafiri chini kwa chini taratibu, wiki kadhaa hata miezi, yanakuja kutoka kwenye chemchemi huku chini wakati theluji imekwisha na jua ni kali. Wameufanya mlima kuwa tangi. Sehemu nyingine mifereji ilikuwa imeachwa ikafukiwa, na Chuo Kikuu cha Granada pamoja na watu wa kujitolea wamekuwa wakiifukua tena kwa majembe.

Nenda mama. Na kwa magoti yako usikubali kupelekwa kushuka mpaka mtoni, kushuka ndo kunaua goti. Mwambie mwanao mfuate mfereji, maana mfereji lazima uende karibu sawasawa na ardhi, ndo maana njia za pembeni yake nyingi hazina mlima.

Mtae mpaka kufa

Mie natofautiana na wenzangu, mnisamehe. Bi mkubwa ametoka Soni, kutoka hapo mpaka Mtae ni kwao, kuna Irente, kuna msitu wa Magamba, Mtae ukisimama asubuhi nchi yote iko chini yako, na Wahispania wenyewe tunawapokea huku wanalia kwa furaha. Nauli ya kwenda Ulaya ingewapeleka ukoo mzima Lushoto wiki nzima na chenji ikabaki. Vijana wetu wakishavuka bahari wanaona milima ya wenzao ndo milima. Naongea kwa uchungu maana naipenda Usambara.

Mama Shani, Makorora

Mtae mwanangu nimekusikia na wala sijakasirika, uchungu wako ni wangu. Lakini mtoto wangu hayupo Mtae, yupo huko, na miaka mitatu sijamwona.

Baharia umenitoa machozi na hizo boriti. Marehemu babu yangu alikuwa na shamba la bondeni lenye mfereji wa zamu, na wanaume walikuwa wanaamka usiku wa manane kwenda kufungulia maji, ukichelewa zamu imepita. Nilidhani mambo hayo ni ya kwetu tu.

Muongoza wageni, Amani

Shikamoo mama Shani. Kazi yangu kuongoza wageni hapa msitu wa Amani kwa hiyo ngoja niseme ya milima. Capileira mita 1,436 ni karibu sawa na Lushoto mjini, kwa hiyo pumzi haitakusumbua. Ila kule ni kaskazini mbali na ikweta, mwezi wa tano mchana utavaa gauni jepesi na usiku utatafuta sweta zito, beba yote mawili. Ule mlima wa theluji juu ya kijiji ni Mulhacén, mita 3,479, mrefu kuliko yote Hispania bara, unaozidi uko kwenye visiwa vyao vya Kanari. Jina lake limetokana na Mulei Hasan, mmoja wa masultani wa mwisho wa Granada, na wenyeji husimulia kwamba alizikwa kule juu. Sehemu ya juu ya milima hiyo ni hifadhi ya taifa tangu 1999. Ukiamka alfajiri waangalie mbuzi wa milimani, dume pembe zake zimepinda kama upinde, wanashuka karibu na watu.

Kuhusu maji Baharia kasema kweli, na Wapare nao wana ndiva, mabwawa ya asili ya kukusanya maji usiku ili mchana yagawiwe kwa zamu. Watu wa milimani akili zao zinakutana bila kuandikiana barua.

Mama nina ombi moja. Ukipita kwenye vijiji hivyo utaona madirisha na vibaraza vimejaa vyungu vya maua, wanayapenda sana. Angalia kwa ndani, mahali ambapo jua halipigi moja kwa moja, kama utakuta ua dogo la zambarau, majani yake manene yana manyoya manyoya kama sikio la sungura. Wao wanaita violeta africana. Hilo ni ua la kwetu. Ofisa wa Kijerumani Walter von Saint Paul alilipata huku Tanga na Usambara mwaka 1892, akatuma kwa baba yake Ujerumani, na hapo ndo likasambaa dunia nzima mpaka madukani. Kwetu porini linaota kwenye miamba yenye kivuli, mie naonyesha wageni na nawaomba wasilichume maana misitu yake inapungua kila mwaka. Ukilikuta kwenye nyumba ya mtu huko, tafadhali mwambie mwenye nyumba limetoka wapi. Wageni wengi ninaowaongoza wamelifuga dirishani maisha yao yote na hawajui.

Bi Rukia, Dunda, Bagamoyo

Waaleikum salaam mama Shani. Mie nimeishi Granada miaka mitatu na mume wangu kabla hatujarudi Bagamoyo, kwa hiyo chakula na swala niachieni mimi.

Chakula kuwa makini sana shoga yangu. Alpujarra ni nchi ya mapaja ya nguruwe, wanayaning'iniza yakauke na hewa ya baridi, Trevélez ndo wanasifika zaidi, ukiingia dukani yamejaa darini. Chakula chao maarufu wanaita plato alpujarreño, ni viazi, yai, na nyama ambazo zote si zetu. Na usiseme tu bila nyama, kwa wengi jamón, hayo mapaja makavu, hawaihesabu kama nyama, mie niliagiza samaki wa mtoni, trucha, nikijua samaki ni salama, mgahawa mmoja wakaniletea kapambwa na vipande vya jamón juu na ndani, sikuwa nimeuliza, nikalala na njaa. Sema hivi, *sin cerdo, sin jamón, soy musulmana*, yaani bila nguruwe, bila jamón, mimi ni Mwislamu, yote matatu, na urudie. Agiza papas a lo pobre, viazi vimekatwa duara vinaiva taratibu kwenye mafuta ya zaituni na pilipili hoho na kitunguu, juu wanakuwekea mayai, utashiba na utapenda, na uliza kama wamekaanga kwa mafuta ya zaituni matupu. Mkate wao mzuri, asali yao nzuri mno. Na Órgiva pale chini ipo jamii ya Waislamu, Wahispania wenyewe waliosilimu na wengine, chakula cha halali utapata, mwanao anaweza kununua kuku hapo mkapanda naye.

Swala, mwezi wa tano mwishoni jua linazama saa tatu na nusu usiku kwa saa zao, kwa hiyo magharibi ni muda ambao huku tumeshalala, na isha inakwenda mpaka saa tano. Alfajiri nayo inawahi, usingizi unakuwa mfupi, mchana lala kama wao wanavyolala, maduka yanafungwa saa nane mpaka kama saa kumi na moja. Granada mjini usikose msikiti wa Albaicín, umefunguliwa 2003, bustani yake inatazama Alhambra, kasri la masultani wa zamani, na nyuma yake theluji.

Kingine mama, utashangaa lugha. Sukari ni azúcar, limau ni limón, zaituni ni aceituna, meya wa mji wanamwita alcalde, ni huyohuyo kadhi. Lile dimbwi la kuhifadhi maji shambani ni alberca, sisi birika. Wakisema mpaka kesho ni hasta mañana, na hiyo hasta ndo hata yetu, zote zimetoka kwenye hatta ya Kiarabu. Nilikuwa naokota maneno sokoni kama mtu anayeokota shanga zake zilizokatika.

Ila na haya yajue ukienda. Granada ya Waislamu ilianguka 1492 mikononi mwa wafalme Wakristo, na watu wa hiyo milima wakalazimishwa kubadili dini. Mwaka 1567 mfalme akapiga marufuku lugha ya Kiarabu na mavazi yao na hata majina, na hamamu zikafungwa. Mwaka uliofuata Alpujarra ikaasi, vita vikaenda mpaka 1571. Waliobaki walitolewa kwenye makazi yao, wanawake na watoto, msimu wa baridi, wakatembezwa kwenda kutawanywa Castilla, na wengi walikufa njiani. Kisha wakaletwa walowezi kutoka kaskazini, Galicia, León, Asturias, na kwa masimulizi ya huko, familia mbili za wenyeji ziliachwa kila kijiji ili wawafundishe wageni maji yanavyogawiwa. Mie hapa Bagamoyo nikipita Kaole kwenye yale magofu na makaburi huwa nasoma Fatiha, na kule Capileira nilisimama pembeni ya mfereji nikaisoma vilevile, maana makaburi yao hayaonekani tena, yanayoonekana ni maji.

Baharia wa Pangani

Bi Rukia Mungu akuweke. Hayo ya familia mbili nilikuwa siyajui, na yule mzee mwenye jembe sasa namuona upya kabisa.

Mtae mpaka kufa

Nimesoma yote mpaka mwisho. Mama nenda. Ila ukirudi uje Mtae na huyo kijana, malazi nitagharamia mimi, aone na mifereji ya kwao.

Mama Shani, Makorora

Nimempigia mwanangu usiku huu nikamwambia nakuja na Capileira nakwenda. Kanyamaza kwanza kama simu imekata, afu akasema mama nitamuuliza mwenye nyumba kama jikoni tunaweza kupika wenyewe. Nimemwambia aulize pia mfereji ulio karibu unapita wapi. Amani, nitaliangalia hilo ua, na picha nitakuwekea hapa hapa. Mtae nimekubali mwaliko, usije ukaukana.

Khanga doti mbili nshaweka pembeni, moja ya mwenye nyumba. Kassim, kesho nakuja kwako na pasipoti, ni ile niliyoendea umra, imebakiza miezi saba, inafaa?

Kassim Ngamiani

Mama hapo hapana. Schengen wanataka pasipoti iwe hai miezi mitatu mbele baada ya siku unayotoka kwao. Sasa ni mwezi wa kwanza, miezi saba inaishia wa nane, wewe unatoka huko kama tarehe kumi mwezi wa sita, miezi mitatu mbele ni wa tisa. Haitoshi. Kesho usije kwangu, tukutane Uhamiaji saa mbili asubuhi, njoo na ya zamani, kitambulisho cha NIDA na cheti cha kuzaliwa, fomu nitakujazia mie usiku huu nitumie tu majina kamili inboksi.